Makofi ya Huruma

Mtu aliyeteseka akiimba, tunasikiliza wimbo au tunasikiliza mateso? Nauliza kwa sababu mimi kazi yangu ni vijana, na vijana wakimbizi wanaimba sana. Mgeni akija, wanaimba. Siku ya Wakimbizi, wanaimba. Na kila mara makofi ni yale yale, hata gitaa likiwa halijakazwa nyuzi.

Juzi hapa Rumonge nilipata albamu ya kwanza ya Staff Benda Bilili wa Kinshasa, *Très Très Fort*. Ilitoka 2009, kwa hiyo nimechelewa sana, lakini muziki hauozi kama ndagala. Ilikuwa kwenye kadi ya simu iliyovuka ziwa kutoka upande wa Baraka. Nyimbo zilikuwa na namba tu, hakuna jina, hakuna picha, na Lingala mi nasikia kidogo. Nikazisikiliza karibu wiki nzima bila kujua ni akina nani. Kuna rumba ya polepole, halafu ghafla mdundo unakuwa mkali, na juu yake chombo kimoja chembamba kinalia na kucheka kwa wakati mmoja. Nikasema, huyu mpiga gitaa ni nani jamani?

Kumbe si gitaa. Ni satonge: uzi mmoja wa waya, kipande cha mti na kopo tupu. Aliyeitengeneza ni Roger Landu, mtoto wa mtaani. Wakubwa wake katika kundi, Ricky Likabu na Coco Ngambali, walipooza miguu kwa polio na wanatembelea baiskeli za magurudumu matatu. Sehemu kubwa ya albamu ilirekodiwa nje, kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa.

Rafiki yangu mmoja alikuwa ameshasema nyimbo mbili za katikati zinachosha. Nilipomweleza habari hiyo, akabadilika pale pale: “Aa, basi hapo wako sawa tu.” Wimbo haukuongezeka hata noti moja. Yeye ndiye aliyeacha kusikiliza akaanza kusamehe.

Najua mtanijibu kwamba maisha ya mtu yamo ndani ya wimbo wake. Kweli. Wana wimbo unaoitwa “Polio”, wanawaomba wazazi wachanje watoto, na neno hilo likitoka kwa mtu aliyepooza linakuwa na uzito ambao daktari hana. Hapo sibishi. Lakini polio haikumfundisha mtu kupanga sauti nne zisigongane, na njaa haijui kupiga satonge. Hiyo ni kazi, ya miaka. Tukisifu mateso tu, kazi yao tunaipa nani?

Na lile neno “wanaahidi”, ambalo watu hupenda kulisema kwa albamu ya kwanza, mi linanichosha. Kama vile mwanamuziki amekopa na atadaiwa. Kundi lilivunjika. Coco na mwenzake Théo wakaunda Mbongwana Star, na 2015 wakatoa *From Kinshasa*: makelele ya umeme, sauti zimekwaruzwa makusudi, karibu na roki kuliko rumba. Ukiisikia hupati nafasi ya kumwonea mtu huruma. Ninaipenda kuliko ile ya kwanza.

Sasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, msikasirike. Mwezi uliopita, baada ya wageni kuondoka, kijana mmoja wa kikundi chetu alinivuta pembeni, tukasimama karibu na ndagala zilizoanikwa. “Kaka, niambie ukweli. Ulikuwa mzuri, au wametuonea huruma?”

Nikamwambia: sauti yako nzuri, beti la pili umelichukua kwa mtu wa Bujumbura, na kiitikio hakina kitu. Akaniuliza hakina kitu gani. Tukakaa chini hapo hapo, akaanza kukiimba upya, polepole, mimi namkatisha, yeye ananibishia, mpaka mwenye ndagala akatufukuza.