SHIMO NI LA NANI?



Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi wa KOV, hapa Kolwezi, ndani ya eneo la kompani ya KCC. Wachimbaji wa mikono walikufa, 43 kwa hesabu ya wakubwa wa jimbo. Kompani ilisema waliingia bila ruhusa, na kwamba watu kama 2,000 walikuwa wakiingia hivyo kila siku.

Kwenye vilio neno moja lilisikika sana, hata midomoni mwa waamini: “Waliingia wenyewe, kosa ni lao.” Wajane walilisikia. Basi tulipime.

Someni Kutoka 21:33-34. Mtu akichimba shimo asilifunike, na mnyama wa jirani akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Musa haulizi kama ng’ombe alikuwa na ruhusa ya kupita. Mtanijibu: mtu si ng’ombe, ana akili, anaona hatari. Ni kweli. Lakini endeleeni mpaka sura ya 22. Mwizi akipigwa akafa usiku akivunja nyumba, mwenye nyumba hana damu juu yake. Jua likiisha kutoka, anayo. Hata mwizi ana damu! Naye anayejua kwamba watu 2,000 wanapita kwake kila siku hawezi kusema kulikuwa giza. Leta pia ilikuwa na macho.

Sheria yetu ya zamani hutafuta kosa kwanza: aliyemwumiza mwenzake, hata kwa uzembe, alipe. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 imeenda mbali zaidi: mwenye haki ya kuchimba hulipa madhara ya kazi yake hata kama hakukosa. Kama inamfikia aliyeingia kwa siri, hilo ni la zuzi.

Ila kosa si bukari, eti mmoja akimega sana mwenzake anabaki na kidogo. Kijana alikosa kwa kuingia. Kosa lake halimwoshi mtu mwingine.

Ndugu mmoja mnunuzi wa madini aliniambia baada ya ibada: “Shemasi, mimi sikufungua shimo, nilinunua mfuko tu.” Nikamwuliza kama alitaka kujua mfuko ulitoka shimo gani. Akanyamaza. Nami nikanyamaza, maana matofali ya nyumba hii ya Mungu tuliyanunua kwa sadaka yake.