Je, Rangi ya Gari Yamfunua Mwenyewe?

Miongoni mwa maneno yanayozungumzwa barazani katika miji yetu ya pwani ni haya: ukitaka kumjua mtu, litazame gari lake lina rangi gani. Mwenye gari jeusi, husemwa, apenda ukubwa. Mwenye jekundu ana papara. Mwenye jeupe ni mtu wa heshima. Mzaha hatuukatazi. Lakini mzaha ukizoeleka hugeuka hukumu. Kijana akija kuposa, gari lake hutazamwa kabla ya tabia yake. Mfanya biashara akitaka mali kwa mkopo, hupimwa kwa mng'aro wa bati. Kwa hivyo twaona yatupasa kuulizana: je, maneno haya ni ya kweli?

Tuanze na lililo dhahiri. Magari mengi yapitayo katika njia zetu huletwa yakiwa yamekwisha kutumika, khasa kutoka Japani, yakateremshwa bandarini Kilindini. Rangi ya gari kama hilo ilichaguliwa na mtu wa huko asiyetujua wala tusiyemjua. Aliyelinunua huku alitazama injini, umri wa gari na bei. Rangi aliipokea kama mtoto apokeavyo jina. Basi tukiisoma tabia kwa rangi hiyo, twamsoma nani? Jirani yetu, au yule Mjapani?

Na mambo ya kale yatufunza hivyo hivyo. Huko Marekani, tangu mwaka 1914 hadi 1925, motokaa ya Henry Ford iitwayo Model T ilitoka kiwandani kwa rangi nyeusi tu. Daktari na mkulima walipanda weusi ule ule, kwa kuwa rangi ile ilikuwa rahisi na imara, wala si kwa kuwa watu wale wote walikuwa na tabia moja. Kisha katika miaka ya 1920 ikapatikana rangi ya kupuliza iitwayo Duco, ambayo hukauka upesi. General Motors ikaitumia, na mwaka 1927 ikaweka idara khasa ya sanaa na rangi chini ya Harley Earl. Tangu hapo motokaa haikuuzwa kwa mwendo wake tu. Iliuzwa pia ili mwenye ya mwaka jana aione yake imechakaa, hali ingali nzima. Hapo ndipo rangi ilipopewa ulimi, na aliyeupa ulimi huo ni muuzaji.

Huenda msomaji akasema: wako wanaochagua kwa khiyari yao. Ni kweli, na tuwatazame hao. Mmoja achagua nyeupe kwa kuwa katika jua letu haishiki joto sana, na magharibi ikiingia huonekana kwa mbali. Wa pili achagua nyeupe kwa kuwa siku ya kuuza mnunuzi hatakawia. Huyo amelipamba gari lake kwa ajili ya mtu asiyemjua. Wa tatu lake ni zima, lakini alipeleka kwa fundi likapulizwe rangi nyeupe mpya kwa sababu jirani kanunua jingine, na ada ya shule ya mwanawe haijalipwa. Rangi ni moja, nia ni tatu. Sisi tulio kando ya njia twaiona rangi; nia aijua mwenyewe na Mola wake.

Basi tuna wajibu wa namna mbili. Kwa jirani, tuuzuie ulimi, kwani dhana si elimu. Kwa nafsi zetu, kabla ya kumlipa fundi, tujiulize: lau njia zote zingekuwa tupu, lisiwepo jicho hata moja la kulitazama gari hili, tungelitoa fedha hizi? Anayependa kijani kwa kuwa kijani chamfurahisha hana lawama. Kupenda uzuri si aibu. Lakini anayetumia chakula cha nyumbani kununua macho ya watu amenunua kitu kisichojaa, maana macho hayo kesho yatageukia gari jingine. Wazee walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kama ni lazima mtu ajulikane kwa gari lake, basi na ajulikane kwa namna anavyosimama mama mzee akivuka njia, anavyomlipa dereva wake ujira bila ya kumzungusha, na anavyoitika hodi ya jirani mwenye mgonjwa usiku wa manane. Mgonjwa huyo aliyefikishwa hospitali, ukimuuliza asubuhi gari lilikuwa la rangi gani, huenda asikumbuke; lakini jina la mwenye gari hatalisahau.