Usafi wa Dhahabu

Dhahabu haishiki kutu, lakini njia ya kuipata yaweza kuoza. Kwa Olimpiki ya Tokyo, Wajapani walikusanya simu na vyombo chakavu kuanzia 2017 hadi 2019, wakapata kilo 32 za dhahabu ya medali. Kwingineko maskini huloweka vyombo kama hivyo katika asidi kali, mvuke ukiwaingia watoto vifuani. Wataalamu wa Leicester, Uingereza, wameonyesha kuwa dhahabu huyeyuka pia katika kimiminika cha kolini, kitu kinachotiwa katika chakula cha kuku, kikichanganywa na iodini. Njia salama zaidi ikijulikana, kutoijali ni kuchagua. Simlaumu mwenye njaa. Namwuliza mnunuzi asiyetaka kujua dhahabu yake imepitia wapi. Wahenga walisema rahisi ni ghali. Hawakusema ni nani atakayelipa.