Mwenye Fikra na Mwenye Kulingania

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu: mtu aliyependezwa na fikra, ikiwa ni ya siasa, ya elimu au ya tiba, akaieneza kwa bidii barazani na sokoni, ana tofauti gani na mhubiri wa dini? Wengi hujibu kwa haraka kuwa mmoja asema ya dunia na wa pili ya akhera. Jawabu hili halitutoshi.

Moto ulio nyoyoni mwao ni mmoja. Kila mmoja ameona jambo analoamini kuwa lina manufaa, na kulinyamazia kwamtaabisha. Hilo si aibu. Mwenye kujua kisima cha maji matamu akawaficha jirani zake ni bahili, si mwenye adabu. Basi tusimlaumu mtu kwa bidii yake. Tutazame jambo jingine: je, anayeambiwa aweza kusema la, na asipungukiwe na kitu?

Twaa mfano wa hapa kwetu. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha makazi ya Frere Town, bara mkabala wa kisiwa cha Mombasa, kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kuwakomboa watu ni jambo jema, na asiyekiri hivyo si mwadilifu. Lakini mtu aliyetolewa jahazini, hana jamaa wala shamba, akapewa makao na mafunzo na mkono ule ule unaomhubiria, “ndiyo” yake tutaipima kwa mizani gani? Huenda aliamini kwa dhati. Huenda hakuona mlango mwingine. Hata aliyemhubiria hawezi kujua.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi yake, Sahifa, mjini Mombasa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah. Aliwahimiza watu elimu, akakemea mambo aliyoyaona hayana asili katika dini. Hata hivyo karatasi haimshiki mtu kanzu: asiyeitaka huiweka chini akaenda zake, na mwenye hoja hujibu.

Wala tusijisifu. Tajiri anayemwaidhi mtumishi wake siku ya mshahara, mwalimu anayemghadhibikia mwanafunzi aliyeuliza, na kijana anayemnunia mzee kwa kuwa hakukubaliana naye, wote hao wamepunja mizani, hata ikiwa neno lao ni la haki. Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie, alifahamishwa katika Suratul Ghashiya kuwa kazi yake ni kukumbusha, wala hakupewa utawala juu ya watu. Ikiwa yeye hakupewa, ni nani kati yetu aliyepewa?

Basi jawabu letu ni hili: mwenye kueneza fikra ni mlinganiaji, apende asipende. Haimfalii kusema “mimi sihubiri” ili aepukane na adabu za kuhubiri. Na adabu ya kwanza ni kumwachia mwenzako nafasi ya kukataa, na mkikutana kesho umsalimu kama ulivyomsalimu jana.