Elektroni na Ushahidi wa Kisichoonekana
Mwaka 1987, huko Saclay, Ufaransa, Anne L'Huillier na wenzake walielekeza leza ya infraredi kwenye gesi adimu. Ukatoka mwanga wa masafa ya juu mno. Njia hiyo ilizaa vimuliko vya atosekunde, yaani sehemu ya bilioni ya bilioni ya sekunde, na Nobel ya 2023 aliyogawana na Pierre Agostini na Ferenc Krausz. Mwenye shaka atasema mwendo wa elektroni, unaopimwa kwa vimuliko hivyo, umekisiwa tu, haukuonekana. Sawa, lakini nahodha anayesubiri maji kujaa aingie Bandari ya Dar es Salaam naye haoni mvuto wa mwezi, na anaujua. Muumini anayeona hapo utetezi wa imani yake katika kisichoonekana asishangilie mapema: kipimo cha maabara kingeweza kumkatalia mpimaji. Imani ipi inakubali kujaribiwa hivyo?