Tawakali na Usingizi wa Mwenzako

Neno "ajali" lilifika pwani likiwa na maana nyingine. Kwa Waarabu, ajali ni muda uliopangwa, siku ambayo mja hana budi kuondoka duniani. Waswahili wakalichukua, wakalitumia kwa basi lililopinduka, jahazi lililozama na nyumba iliyoungua, kisha wakasema ajali haina kinga. Ndani ya neno moja zikakaa fikra mbili: tukio ambalo pengine lingezuilika, na mwisho anaoujua Mungu peke yake. Kwenye msiba hakuna haja ya kuzitenganisha; mfiwa anataka kuliwazwa. Shida huanza pale maneno ya kumfariji mfiwa yanapogeuzwa kuwa kanuni ya kuishi na moto.

Mfano hauko mbali. Kutoka ufukweni Tanga hadi Lushoto ni safari ya saa chache tu, ila Juni na Julai ni kama kuhama nchi. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, katika milima ya Usambara, na kipupwe chake humfanya mgeni wa pwani aingize jiko la mkaa chumbani, afunge dirisha, alale. Kwanza amesubiri moshi uishe, kwa hiyo anaamini ameshachukua tahadhari. Kumbe kaa jekundu lisilo na moshi linaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, lakini oksijeni inayoubeba uhai ni haba. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, akadhani ni malaria. Aliyelala hapati hata nafasi ya kudhani.

Pwani ilisalimika kwa miaka mingi, na sababu kubwa ni nyumba zenyewe. Moto wa kupikia ulikaa uani. Paa la makuti liliacha upenyo juu ya ukuta, na upepo wa kusi ukaingia na kutoka bila kubisha hodi. Leo kuna dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu yanayobana, kiyoyozi, na jenereta linalowashwa karibu na mlango umeme ukikatika. Hewa iliyokuwa ikimlinda mtu bila yeye kujua imezibwa, na maarifa ya kushika nafasi yake bado hayajaingia.

Sasa liko swali ambalo muumini hulijibu kwa haraka mno: anayetundika ukutani kitambuzi cha kaboni monoksaidi, je, amepungukiwa na tawakali? Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ya bedui aliyeambiwa amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu inajulikana na kila mtoto wa chuoni, na katika mji wa Tanga, wenye mtaa uitwao Ngamiani, si rahisi kuisahau. Lakini ipo nyingine inayogusa jambo lenyewe zaidi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani. Mtume aliposimuliwa habari hiyo, aliutaja moto kuwa adui na akaagiza uzimwe kabla ya kulala. Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Shamu wa karne ya 13, alipoifafanua hadithi hiyo aliona kwamba taa za kuning'inia, zikiwa salama na hatari ile, hazina ubaya. Yaani alitazama sababu ya katazo, akaifuata inakokwenda. Ukiifuata sababu hiyo hadi kwenye jiko la mkaa lililofungiwa chumbani, haielekei kwenye ruhusa.

Hata hivyo hoja nzito zaidi inamhusu yule aliyelala. Katika mafundisho ya Kiislamu, kalamu imeinuliwa kwa aliye usingizini mpaka aamke, haandikiwi kosa. Basi aandikiwe nani, chumba kikijaa sumu? Mtoto aliyelazwa karibu na makaa hakuchagua kutawakali. Aliyechagua ni yule aliyebana dirisha. Mtu anaweza kuuweka uhai wake mwenyewe mikononi mwa Mungu na akawa mkweli. Kuyaweka huko mapafu ya mwenzake bila kumuuliza, huku njia ya kumlinda ipo, ni jambo jingine kabisa, na kuliita imani ni kuidhulumu imani. Wakristo wa Usambara wanayo sheria inayofanana na hii katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22: anayejenga nyumba mpya aweke ukuta pembezoni mwa paa, asije akawa na hatia ya damu ya atakayeanguka. Mzigo umewekwa kwa mwenye nyumba.

Ukuta huo leo ni kifaa kinachoenea kiganjani. Kitambuzi cha moshi hakitoshi, kwani hakiioni gesi hii. Kinunuliwe kile cha kaboni monoksaidi, na chenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 50291 hulia ndani ya dakika tatu gesi ikifika sehemu 300 kwa milioni, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa 50. Kwa kuwa gesi hii ina uzito unaokaribia wa hewa, huchanganyika nayo chumba kizima. Kwa hiyo kwenye chumba cha kulala kifaa huwekwa kimo cha pumzi ya aliyelala, mbali na feni, pazia na dirisha. Kwenye chumba chenye jiko la gesi au hita, kiwe mita moja hadi tatu kutoka hapo. Kitufe cha majaribio kibonyezwe mara kwa mara, na tarehe ya mwisho isomwe, maana kihisio chake huzeeka hata kama betri ni mpya.

Mpangaji wa chumba kimoja hununua kifaa hiki kwa fedha ile ile ya unga na ada ya shule. Kwa hiyo swali linarudi kwa anayepokea kodi, na kwa mwenye nyumba ya wageni mlimani anayempelekea mgeni jiko chumbani kwa ukarimu. Mpaka wao watakapokubali kukinunua, na hata baada ya hapo, wa mwisho kulala ndiye atakayelitoa jiko barazani, arudi, ajifunike blanketi la pili.