Nani Ameruhusu Kupanga Upya?

Kwenye mpaka wa Tunduma na Nakonde, kwacha hugeuzwa shilingi kutwa nzima. Tuseme mama muuza mchele ameleta mafungu matatu ya kwacha, na kwa bei ya siku hiyo yanafikia shilingi 12,660, 12,670 na 12,680. Mbadilishaji hatoi chenji iliyo chini ya shilingi 100. Akikata kila fungu peke yake, mama ataondoka na 37,800. Akijumlisha kwanza ndipo akate, atampa 38,000. Fedha ni zilezile na bei ni ileile; kilichobadilika ni mpangilio tu.

Kompyuta nayo hukata. Namba zake za desimali zina nafasi chache, na kinachozidi hukadiriwa. Katika lugha nyingi za programu, ukijumlisha 0.1 na 0.2, kisha 0.3, unapata 0.6000000000000001. Ukianza na 0.2 na 0.3, kisha 0.1, unapata 0.6. Kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine, inaweza kuupindua mpangilio huo ili kazi iende kasi. Kompaila ya GCC haifanyi hivyo kwa namba hizi mpaka iruhusiwe, na ruhusa yenyewe ni neno moja: -ffast-math.

Utasema tofauti hiyo ni punje. Lakini punje hujikusanya. Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot ulikuwa umehesabu sehemu za kumi za sekunde kwa takriban saa 100, kwa namba iliyokatwa kidogo mno. Ulikosa kombora lililokuwa linakuja, na askari 28 wa Marekani wakafa.

Hata hivyo, kukata si dhambi. Hakuna mashine yenye nafasi isiyo na mwisho, na pengine mpangilio mpya huleta jibu lililo karibu zaidi na ukweli. Kosa liko kwingine: anayefaidika na kasi ndiye anayechagua, na atakayeishi na jibu hakuulizwa. Mama anaweza kuikubali hiyo 37,800 akielezwa kanuni kabla ya kutoa kwacha zake, na akijua anayemfuata kwenye foleni atakatwa vivyo hivyo. Akielezwa baadaye, ameibiwa, hata kama kila hesabu iliyofanywa ni sahihi.

Basi anayeandika programu ya mishahara au ya ankara za maji, kabla ya kuandika neno lile moja, ajiulize: hiyo shilingi 200 ni ya nani?